Maiti Kwenye Herufi E

Jumatatu, 5 Februari

Dada,

Kama umeshika ndoo ya mkojo wa mtu, iweke chini kwanza, maana habari hii ukiisoma umesimama utaimwaga.

Nimepata kazi. Ya mezani, yenye kiti kinachozunguka, ingawa kikizunguka kinalia kama mbuzi aliyeona kisu. Najua hapo ulipo umeshaanza: "Huyo huyo aliyeacha shule kidato cha pili?" Huyo huyo, mama. Na sikuacha shule. Tulikubaliana na mwalimu mkuu kwamba mmoja wetu aondoke.

Nilikwenda kuomba utarishi kwenye ofisi inayotunga mitihani ya vyeti vya kazi: madereva, walinzi, mafundi umeme, wahudumu wa wodi kama wewe. Wakanipa karatasi nijaze. Nikakosa yote. Mzee mwenye ofisi akaichukua, akalamba kidole (analamba kidole kila anapogusa karatasi, hata ikiwa moja tu, mate yanabaki pale kwenye kona yanang'aa), akasoma, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Kijana," akasema, "wewe unakosea vizuri. Mtu akisoma kosa lako anaweza kuliamini."

Basi nikaajiriwa kukosea. Unaijua mitihani ya kuchagua herufi: swali moja, jibu la kweli moja, mengine ya uongo ya kumbabaisha mtu. Hayo ya uongo hapa tunayaita vipotoshi. Walimu wanatunga swali na jibu la kweli, mimi natunga vipotoshi. Ukoo wetu umekosea bure tangu enzi za mababu. Mimi ndiye wa kwanza kulipwa.

Sasa nikwambie kinachonitia kinyaa. Huyu mzee, ambaye ofisi nzima inamwita Mzee Tano akishatoka, anataka kila swali liwe na machaguo matano. A mpaka E, hakuna kupunguza. Nilimwambia wiki ya kwanza tu, "Mzee, vipotoshi vya kuaminika kwa swali moja huwa ni viwili. Ukibahatika, vitatu. Baada ya hapo unakamua jiwe." Akaniangalia kama nimemkanyaga kidole. Ati machaguo matatu ni ya watoto wa chekechea, matano ndiyo yana heshima. Heshima! Wiki iliyopita swali lilikuwa mlinzi afanye nini akiona mtu anaruka ukuta. Nilipofika E sina kitu kichwani, nikaandika: "Amsalimie." Nikadhani watanifukuza. Imepita! Imepigwa muhuri! Nilijisikia kama mtu aliyetema mate kwenye mtungi wa maji ya wageni, kisha akaona wageni wanakunywa na kusifu.

Wewe umeshaanguka mara mbili kwenye mtihani wako, kwa hiyo hizo E unazijua kwa sura. Ukijaribu mara ya tatu nitakutungia mimi mwenyewe, angalau uanguke mikononi mwa ndugu. Natania. Usinune.

Mdogo wako,
Profesa wa Makosa


Alhamisi, 15 Februari

Profesa,

Hongera. Tumekaa tukisema hutafika popote kwa uongo wako, kumbe ulikuwa njiani.

Nimekwambia usinipigie simu, uniandikie. Endelea hivyo hivyo. Wodini hatuishiki simu, na barua naisoma kwa wakati wangu.

Kuhusu mtihani, nimeuacha. Usinitajie tena. Lakini kwa kuwa umejipa uprofesa, nikufundishe kitu kimoja ambacho hukijui. Mimi sikuanguka kwa ujinga. Mimi ni mzito wa kusoma. Nasoma A, nasoma B, nikifika E nimeshaisahau A, narudi juu. Mara zote mbili karatasi imenyakuliwa mkononi, maswali ya mwisho sijayaona hata kwa macho. Wenzangu wanajua nilichokijua mimi, ila wao macho yao yanakimbia.

Kwa hiyo hiyo "amsalimie" yako unayoichekea, kuna mtu amesoma E kama hiyo jasho likimtoka. Hakucheka. Alijiuliza, mbona hii ni ya kipuuzi hivi, au kuna mtego? Akairudia. Wakati huo saa ya ukutani haikumsubiri.

Hapa tuko salama. Muuguzi mkuu wa wodi bado anatupigia kelele kama tuko ng'ambo ya mto. Leo nimeosha sakafu ya chumba cha kujifungulia mara nyingi mpaka mikono imekunjamana kama ya bibi. Kula vizuri.

Dada yako


Jumapili, 10 Machi

Dada mkubwa mwenye macho mazito,

Umenipiga kofi la barua, limefika. Basi ngoja nikupe na mimi silaha: mdomo wako na wangu sasa inasema kitu kimoja, na pia kuna wakubwa wanaosema hivyo hivyo.

Sikiliza. Kila mtihani ukishafanyika, hapa ofisini tunahesabu. Siyo nani amefaulu. Tunahesabu kila chaguo limechaguliwa na watu wangapi. Kipotoshi kilichochaguliwa na watu, tunasema kiko hai. Ambacho hakuna hata mtu mmoja aliyekichagua, tunasema ni maiti. Mama Chapa, yule anayechapa karatasi zote, ndiye anayesoma matokeo kwa sauti: "Swali la nne, D maiti, E maiti. Swali la tano, E maiti." Kama mtu anayesoma majina mlangoni mwa chumba cha maiti. Nimekaa nasikiliza wiki nzima. E zote zimekufa, dada. Za mwaka huu, za mwaka jana, za kabla sijazaliwa. Halafu tunazichapa tena, tunazisambaza tena, watu wanalipia ada kuja kusoma mizoga. Nikishika karatasi sasa naona kama inanuka.

Sasa baraza linalotoa vyeti limeamka. Wameandika kwamba kwenye mtihani unaokuja, kama hakuna hata E moja itakayokuwa hai, basi machaguo yatapunguzwa yawe matatu. Nilitaka kuruka juu. Lakini Mzee Tano aliniita ofisini kwake, akakaa, akatafuna kijiti cha meno mpaka kikawa ufagio, akanitemea vipande vyake huku anaongea. "Kijana, fufua E. Ukishindwa, kiti hicho kina watu wengi wanaokitaka."

Kwa hiyo mimi niliyesema matatu yanatosha ndiye ninayetakiwa kuyaokoa matano. Na kiti nakipenda, nisikufiche. Kinalia lakini ni changu.

Tuache hayo. Nataka kujua maisha yako, maana wewe husimulii kitu mpaka uvutwe kama kamba ya kisima. Damu ikimwagika sakafuni, unafanya nini? Mgonjwa akianguka kitandani? Ukikuta sindano iliyotumika kwenye shuka? Na dawa ya kudekia, mnapimaje? Nijibu kama unavyoongea, usiniandikie kama kitabu. Kitabu kinanichosha.

Mdogo wako anayekupenda bila sababu ya msingi,
Profesa


Jumanne, 26 Machi

Mdogo wangu,

Tangu lini ukapenda kujua ninavyodeki? Haya, kwa kuwa umeuliza vizuri.

Damu ikimwagika hapa kwetu, tunaimwagia maji ya moto kwanza ili ilegee, ndiyo tunafuta. Hiyo ndiyo amri ya muuguzi mkuu, ana haraka, hataki damu ikae.

Mgonjwa akianguka, mnyanyue haraka kabla ndugu zake hawajaona. Usicheke. Ndugu wakiona ni vita.

Sindano tunaifunika na kifuniko chake, tunaiweka mfukoni mpaka tupite kwenye ndoo yake, maana ndoo iko mwisho wa korido na wodi ni ndefu.

Dawa ya kudekia mimina mpaka harufu ikupige usoni. Isipokupiga usoni, mkubwa anasema hatujadeki.

Hayo ndiyo maisha yangu. Umeridhika? Nimefurahi umeuliza, kusema kweli. Watu hawaulizi. Wanapita, wanainua miguu nidekie chini yake, hawaachi hata kuongea.

Kuhusu hicho kiti chako, angalia. Mtu akikukalisha kwenye kiti kinacholia, siku moja utalia nacho.

Dada yako


Jumamosi, 20 Aprili

Dada! Dada! Dada!

Leo Mzee Tano amenipa soda kwa mkono wake. Nimeifuta mdomo wa chupa kwa shati kabla ya kunywa, maana mkono ule naujua, lakini soda ni soda.

E zangu zimekubalika. Walimu wamezisoma, mmoja akasema, "Hizi zinapumua." Mwingine akasema karibu azichague yeye mwenyewe. Mama Chapa akaniita fundi. Mimi, niliyekuwa nanyang'anywa hata chaki! Siruhusiwi kukwambia ni mtihani upi, na ulimi wangu wa sasa ni ulimi wa ofisi, una kufuli. Ninachoweza kusema ni kwamba umenisaidia kuliko unavyojua.

Siku hizi ukikutana na karatasi yoyote nzuri hapa mjini, usihangaike na A wala B. Tazama E. Hapo ndipo ulipo mkono wa mdogo wako.

Nijibu basi, umekaa kimya sana. Au umepata mchumba? Kama ni yule dereva wa gari la wagonjwa, mwambie mahari imepanda tangu shemeji awe mtu wa ofisi.

Fundi wa Herufi E


Jumamosi, 8 Juni

Mdogo wangu kipenzi,

Unisamehe mwandiko, naandikia gotini.

Sikuacha mtihani. Nilikudanganya. Nilijua nikikwambia utanitania mpaka nipoteze moyo, na moyo wenyewe ulikuwa mdogo. Hizi barua zako nilikuwa nazisoma kwa sauti kwenye choo cha wafanyakazi, kila moja mara nyingi, kuyazoeza macho yangu yakimbie. Wewe ndiye ulikuwa kitabu changu. Hospitali imesema mhudumu asiye na cheti ataondolewa wodini mwaka huu. Sikuwa na pa kukimbilia.

Jana nimefanya mtihani.

Nilifika kwenye swali la damu. Jibu nilikuwa nalijua, tulifundishwa kwenye semina: vaa glavu, funika damu, mimina dawa, subiri, ndiyo ufute. Ilikuwa B. Nikatia B. Halafu nikashuka mpaka E kwa mazoea tu, nikakuta: "Mwagia maji ya moto kwanza ili ilegee." Maneno yangu! Nikasema, hapana, nimechoka. Nikaenda kwenye swali la mgonjwa kuanguka. E: "Mnyanyue haraka kabla ndugu zake hawajaona." Nilitaka kucheka mle ndani. Msimamizi alinitazama nikajifanya nakohoa.

Ndiyo nikakumbuka barua yako. Tazama E. Hapo ndipo ulipo mkono wa mdogo wako.

Nilikaa pale nikafikiri. Semina ilisema hivi, lakini semina ni ya zamani, na wewe uko mezani kwa watunzi wenyewe. Labda taratibu zimebadilika, ndiyo maana uliniuliza, ukaona sisi wa wodini ndio tunajua. Ulikuwa unanionyesha njia bila kuvunja kufuli lako. Nikafuta B. Nikatia E. Ya sindano pia, na ya dawa ya kudekia. Zote nne nilikuwa nimeshatia majibu ya semina, nikayafuta.

Na safari hii karatasi nimeimaliza. Mpaka mwisho, mdogo wangu. Niliona swali la mwisho kwa mara ya kwanza maishani.

Najua si haki. Nimesali kwa ajili ya hilo. Lakini sikukuomba, na wewe hukuniambia jibu, ulinionyesha tu mahali. Tusiliongee tena. Nilitaka tu ujue kwamba mkono wako nimeuona.

Dada yako anayekuombea


Jumatano, 12 Juni

Dada,

Nimeanza barua hii nimechana, nimeanza nimechana. Mama Chapa ameniuliza kama naumwa tumbo. Nimemwambia ndiyo.

Zile E ni uongo. Zote nne. Jibu la semina ndilo lenyewe, B ilikuwa B.

Sikukuonyesha chochote. Nilikuwa najisifu, dada! Wewe unanijua, mdomo wangu ukishiba unabeua. Nilikuuliza zile habari za damu na sindano kwa sababu nilikuwa nimeishiwa uongo. Ule mwingine wote nilioutunga ulikuwa mzoga. Nikasema nitafute mtu anayekosea kweli, mtu wa kazi hiyo, nichukue kosa lake lilivyo mdomoni mwake. Nikakuchukua wewe. Nikanakili neno kwa neno, hata sikubadilisha, kwa sababu yalikuwa matamu. Ulisema umeacha mtihani. Nikaona hakuna atakayeumia.

Najinukia. Sijui niandike nini kingine. Nimeoga mara mbili leo.

Labda umepata mengine ya kutosha. Nne si nyingi. Wewe umemaliza karatasi nzima, hilo halijawahi kutokea, si ndivyo? Sema kitu. Nitukane angalau, nitukane vile ulivyonitukana nilipouza baiskeli ya binamu.

Mdogo wako


Ijumaa, 19 Julai

Dada,

Barua yangu ya Juni hukuijibu. Nimeuliza posta, wanasema imefika. Ninaandika tena kwa sababu jana limetokea jambo na sina mtu mwingine wa kumtapikia.

Karatasi zenu zimehesabiwa. Mama Chapa alisimama na kusoma kama kawaida. E maiti, E maiti, E maiti. Mzee Tano kichwa chini. Halafu swali la damu: "E, mtu mmoja." Kuanguka: "E, mtu mmoja." Sindano, mtu mmoja. Dawa ya kudekia, mtu mmoja.

Mzee aliruka kama aliyekalia pasi. "Iko hai! Iko hai!" Mwalimu mmoja akamwambia, "Mzee, mtu mmoja kati ya wote hao?" Akajibu, "Maiti akipumua mara moja si maiti tena." Ameshaliandikia baraza. Machaguo yanabaki matano. Mmoja mzima, dada, wewe peke yako, ndiye uliyeyashikilia. Watu wote watakaofanya mitihani ya ofisi hii, wazito wa kusoma kama wewe, watasoma E kwa sababu yako na yangu.

Akaagiza biskuti. Akafungua pakiti kwa meno. Akalamba kidole, akaanza kugawa moja moja mkononi mwa kila mtu, akiniita mwanangu. Nilikula. Ungeniona, wewe uliyenifundisha adabu za kula, nilikula ile biskuti na kusema asante.

Akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, umezitoa wapi hizi?" Na ulimi wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukasema, "Kwa ndugu yangu anayefanya kazi hiyo hiyo." Jina sikutaja. Mzee akapiga meza. "Ndugu! Miaka yote hii, mbona hatukuwahi kufikiria ndugu!"

Nimepanga hivi. Nitakwenda kwenye baraza mwenyewe. Nitawaambia kwamba yule mtu mmoja hakudanganyika, alijua jibu, akafuta kwa sababu yangu. Hapo E zitakufa upya, matano yataondoka, na wewe utahesabiwa zile alama zako nne. Nitasimama pale kama mwanamume, niseme ni mimi. Unaonaje? Niruhusu tu.

Mdogo wako


Jumapili, 28 Julai

Mdogo wangu,

Nimekosa kwa alama mbili. Nilikuwa nasubiri nilijue hilo ndiyo nikujibu, ili nisikutukane bure.

Usiende kwenye baraza. Hujafikiri, kama kawaida yako. Utasimama kama mwanamume, utasema ni wewe, watauliza huyo mtu mmoja ni nani. Watanikuta. Mtahiniwa aliyechagua herufi kwa kuonyeshwa na mtu wa ofisini ni mwizi wa mtihani, na mwizi wa mtihani haruhusiwi kuufanya tena maisha yake yote. Wewe utapata sifa ya kusema kweli, mimi nitapata mlango. Usinifanyie wema mwingine.

Nimetolewa wodini. Niko chumba cha kufulia. Mashuka yanakuja yamekunjwa pamoja na kila kitu kilichotoka kwa mgonjwa, unakunjua hujui utakuta nini. Wenzangu wanaziba pua. Mimi hayo hayanitii kinyaa, sijawahi kuona kinyaa kwa kitu kinachotoka kwa mgonjwa. Anaumwa, afanyeje.

Kinyaa nimekiona kwenye barua yako ya Juni. "Mtu anayekosea kweli." Niliisoma taratibu, kwa macho yangu haya mazito. Uliniuliza ninafanya nini, nikakwambia ninavyoamriwa. Hukuniuliza ninajua nini. Lingekuwa neno moja tu zaidi, mwanangu, ningekujibu, na ungeona kwamba dada yako anaijua B. Lakini wewe ulishanipima zamani: aliyeanguka mara mbili, hawezi kuwa na jibu, ana makosa tu, ngoja nikayachume.

Na mimi nimejitia kinyaa vile vile. Jibu nililijua kwa akili yangu nikalifuta kwa sababu nilitaka kubebwa. Hilo ni langu, sikubebeshi.

Mwakani nitaufanya tena mtihani. Wakiweka tano nitasoma tano. Nimeshaona kwamba mwisho wa karatasi unafikika.

Kuandika tuandikiane, wewe ni ndugu yangu, sina wa kukubadilisha naye. Niambie habari zako. Ila usiniulize kitu kuhusu kazi yangu. Hata kama nimechoka au sijachoka, usiniulize.

Dada yako


Jumanne, 3 Septemba

Dada,

Sitauliza. Nitasimulia tu.

Nimefukuzwa. Na nisijisifu sana, sikufukuzwa kwa ushujaa. Mzee Tano alinipa mtihani wa mafundi umeme, akasema, "Mtafute ndugu fundi umeme." Nikamwambia ukoo wetu una mafundi wa kukosea tu, umeme hatuna. Akasema nitafute ndugu wa rafiki. Nikajaza A, B na C, nikaacha D na E tupu kwenye kila swali, nikampelekea mezani. Alilamba kidole, akafunua, akafunua, akanionyesha mlango kwa kidole hicho hicho kilicholowa.

Kwenye baraza sikwenda. Nilifika mpaka getini, mlinzi akaniuliza shida yangu, nikamwambia nimepotea njia.

Jana nilirudi kuchukua koti langu. Kiti changu kimeshapata mtu. Msichana mdogo, amesuka vizuri, ana kalamu mpya. Mama Chapa aliniminyia jicho akaninong'oneza kwamba safari hii mzee hakuwapa waombaji mtihani wowote. Aliwauliza swali moja tu: nani ana ndugu, na ndugu huyo anafanya kazi gani.

Yule msichana alikuwa anaandika barua. Nilisimama nyuma yake najifanya natafuta koti ambalo nilikuwa nimeshalishika. "Kaka yangu mpendwa," ameandika, "hebu nisimulie maisha yako barabarani. Ukiwa umechelewa na taa ni nyekundu, na hakuna trafiki, unafanyaje? Nijibu kama unavyoongea."

Nikamuuliza, "Kaka yako ana leseni?"

"Anaitafuta," akasema. "Kwa nini?"

Niliichukua ile barua nikaichana, vipande nikavitia mfukoni. Alipiga kelele, akaniita mwizi, akaniita kichaa, akaniita maneno ambayo hata wewe hukuwahi kunipa. Nilimwambia, "Siyo hivyo, dada, sikiliza kwanza." Ningemwambia nini bila kukutaja wewe? Mlinzi akaja akanishika mkono.

Nikiwa nasukumwa nje niligeuka. Alikuwa ameshatulia. Amefuta machozi kwa kiganja, amevuta karatasi nyingine, na kiti kikalia alipojisogeza mezani kuanza upya: Kaka yangu mpendwa.

Mdogo wako